Gari la Bi Harusi Haliondoki Chini ya Sabini

Ba'mdogo Toyanath ana tabia moja ambayo mama mdogo Radhika ameshindwa kumwachisha. Akiingia nyumbani kwa mtu, kabla salamu hazijaisha, hunyoosha mkono na kugusa soketi ya ukutani kwa mgongo wa vidole, kama anayempima mtoto homa. Ikiwa ya moto anaguna. Ikiwa ya baridi anakaa na kupokea chai.

Kazi yake ni kukodisha chaja za magari ya umeme, zile za kubeba. Anazo tano. Kila moja inalala ndani ya gunia lake la mchele, na magunia yote husafiri nyuma ya kigari chake cheupe cha petroli. Ndiyo, cha petroli. Yeye mwenyewe anajua, hakuna haja ya kumkumbusha, ingawa mji mzima wa Banepa, hapa Nepali, humkumbusha kila siku.

Waliotoka kununua gari la umeme huja kumuuliza wanunue chaja gani ya kuweka kwenye buti, na mara nyingi hurudi wamenuna.

"Waya wa nyumbani kwako una unene gani?" huwauliza.

"Sijui, Kaka Toya."

"Basi bado hujafika kwenye chaja. Rudi ukautazame waya."

Akiwa na nafasi hueleza vizuri. Ile ndogo yenye plagi ya miguu mitatu inaingia soketi yoyote, lakini inalisha polepole, ni ya mtu anayelala na kuamka. Ile kubwa yenye plagi ya buluu inalisha mara tatu zaidi, ila inataka laini nene, kama ile ya kinu cha kusaga. Katikati kuna anayoipenda mwenyewe, yenye kitufe cha kupandisha na kushusha ampia, kwa sababu umeme wa kilimani haufanani na umeme wa Kathmandu, na chaja isiyojua kujipunguza itakuunguzia nyumba ya watu. Kebo isipungue mita saba, maana hakuna mwenye nyumba aliyewahi kuweka soketi karibu na mahali gari linapoegeshwa. Usiiache imejiviringa, itapata moto. Na baada ya dakika kumi, gusa plagi.

Kitu cha mwisho anachokitoa kwenye gunia ni fimbo ya chuma yenye urefu wa mkono, iliyochongwa ncha. Hiyo ni ya ethi. Nyumba nyingi za milimani hazina waya wa kwenda ardhini, na chaja za siku hizi zina akili: zikikosa ardhi zinawasha taa nyekundu na kugoma. Ba'mdogo anapiga fimbo chini kwa nyundo, anamwaga maji ya chumvi, anafunga waya, na taa inageuka kijani. Nimeona wahandisi waliosoma wakimtazama akifanya hivyo kama wanatazama mazingaombwe.

Umeme ulimlea, ukamtupa, kisha ukamwokota tena. Enzi za mgao, umeme ulipokuwa ukikatika mpaka saa kumi na nane kwa siku, yeye ndiye aliyekuwa na jenereta kumi na moja, na hakuna aliyepanga harusi Banepa bila kumuuliza kwanza kama yupo. Hata kuhani wakati mwingine aliulizwa baada yake. Halafu mwaka mmoja mgao ukaisha. Watu waliimba juu ya mapaa, wakaacha taa za veranda zikiwaka mchana kwa furaha tu. Ba'mdogo alikaa kwenye ua na jenereta zake kumi na moja, akiangalia taa za majirani.

Aliziuza moja moja, kwa wafuga kuku na wavunja mawe, akabakiza moja. Kisha akawa mlinzi wa mlango kwenye jengo moja la maduka. Kwa miaka sita kazi yake ilikuwa kufungua mlango wa kioo na kupiga saluti kwa watu wanaokwenda kununua biskuti. Huko ndiko siku moja alikuja mtu na gari lisilo na sauti, akaomba kuchomeka waya kwenye soketi ya kibanda cha walinzi. Ba'mdogo alisubiri dakika kumi, akagusa plagi, akamwambia, "Shusha ampia, bwana, la sivyo utanipikia kibanda." Yule mtu alishusha, akashukuru, akaomba namba ya simu. Baada ya mwezi watu wenye namba hiyo walikuwa kumi na wanne. Baada ya mwaka aliuza jenereta ya mwisho, akanunua chaja tano, akamwomba meneja ruhusa ya wiki tatu.

"Jumapili ya wiki ya tatu," meneja alimwambia, "nataka kukuona mlangoni na sare, au nione sare bila wewe."

Kazi yake kubwa ya kwanza iliangukia Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili hiyo. Ilikuwa harusi ya Sugam, mtoto wa mama yangu mkubwa. Msafara wa bwana harusi ungekwenda kumchukua bi harusi, Pabitra, kijijini kwao Sallebhir, kilomita themanini na tano, chini hadi mtoni kisha juu kidogo mlimani. Kulikuwa na basi moja la dizeli na magari matano ya umeme. La mbele ni gari dogo jekundu la Sugam, alilolinunua kwa mkopo, ambalo mama mkubwa alilibariki mlangoni kwa mikono yake, akalivunjia nazi na kulivisha maua. Kuhani alikwisha soma kalenda: bi harusi avuke kizingiti cha mama mkwe kabla ya saa kumi na moja na dakika kumi na mbili jioni. Baada ya hapo nyota zinageuka, na saa njema nyingine ni wiki mbili mbele.

Hapo mtu anaweza kuuliza shida iko wapi, kilomita themanini na tano si nyingi. Shida ni kwamba kwenda Sallebhir ni kuteremka, karibu njia yote. Gari linashuka huku linajirudishia chaji, kioo kinaonyesha namba nzuri, dereva anacheka. Kurudi ni kupanda. Kila mwaka msimu wa harusi kuna watu wanaokwama kwenye kona za mwisho kabla ya mji wa Dhulikhel, kule juu, kwa sababu walipiga hesabu ya kurudi kwa namba za kwenda. Kipo kituo kimoja cha chaja njiani, lakini siku njema ni chache, watu wote wanaoa siku hizo hizo, na foleni yake huwa ndefu kuliko misafara yenyewe.

Kwa hiyo mama mkubwa alimwita Ba'mdogo. Aliyepinga ni Mjomba Ghanendra.

Mjomba ni kaka wa mama zetu. Ana duka la mabomba na masinki, na ana gari kubwa jeusi la umeme ambalo hulifuta kwa skafu yake mwenyewe. Yeye na Ba'mdogo ni mashemeji, kwa kuwa dada wa mmoja aliolewa na kaka wa mwingine, na kwetu mashemeji wa aina hiyo wana ruhusa ya kutaniana mbele za watu mpaka mmoja akose la kusema. Hawa wawili wana miaka kumi na tisa hawajakosa la kusema.

"Shemeji," Mjomba alisema alfajiri ile tukiwa tunajipanga barabarani, "hizo kamba zako unaenda kuanikia nguo za nani?"

"Zako, shemeji, ukishasukuma gari ukalowa jasho."

"Gari langu lina chaji ya kuwasha kijiji kizima. Mimi hata silijazi. Asilimia themanini na tano inatosha kwenda na kurudi na kwenda tena."

"Mungu akuzidishie. Mimi na petroli yangu tutakuwa nyuma yako tukiokota vipuri."

Tulifika Sallebhir saa tatu na robo asubuhi. Gari jekundu lilikuwa na asilimia arobaini na tisa. Ba'mdogo alikuwa amekwisha piga simu tangu juzi, akajua nyumba ipi ina waya mnene na ipi ina waya wa kutundikia taa, akagawa magari: moja kwa mwalimu, moja kwa mwenye kinu, moja kwa muuza mbuzi, kila nyumba na mita yake, ili asilemee mtu. Gari jekundu alilileta nyumbani kwa bi harusi kwenyewe. Gari la Mjomba halikuchomekwa. Mjomba aliliegesha mahali ambapo lingeonekana vizuri kwenye picha.

Ba'mdogo alizunguka ua mara mbili akitafuta udongo wenye unyevu, kisha akasimama mbele ya mrihani mtakatifu, juu ya kijukwaa chake cha udongo katikati ya ua. Ardhi ya pale ilikuwa nyeusi na laini. Akatoa nyundo.

"We fundi!" Bibi wa Pabitra alitoka jikoni na mwiko mkononi. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita mbuzi ng'ambo ya bonde. "Unataka kumpigilia nani msumari hapo?"

"Si msumari, Bibi. Ni fimbo ya ethi. Hapa ndipo penye maji."

"Pana maji kwa sababu mimi namwagilia kila asubuhi miaka hamsini! Huyo ni mungu, si tope lako."

"Ndiyo maana, Bibi. Umemtunza vizuri. Kijiji kizima hakuna ardhi nzuri kama hii. Nitapiga pembeni, simgusi hata jani."

Bibi alimtazama. Sifa ilikuwa imempata.

"Pembeni kabisa," alisema. "Na uvue viatu."

Ba'mdogo alivua viatu, akainama kwa heshima, akapiga fimbo yake. Taa ikawa kijani. Kisha akatoa kufuli na kuifunga chaja kwenye mkono wa mlango wa gari, maana alikuwa amekwisha waona wadogo zake Pabitra wakinong'onezana. Kwenye harusi zetu wasichana wa upande wa bi harusi huiba viatu vya bwana harusi na kudai wagombolewe. Ba'mdogo alihofia kwamba wasichana wa siku hizi wataona chaja ni tamu kuliko viatu.

"Leo mtaiba viatu tu," aliwaambia. Waliviiba kweli, hata vyake, alivyokuwa amevivua penye mrihani.

Aliwazuia wasichana. Ambacho hakukiwazia ni wali.

Enzi zake za jenereta, chakula cha harusi kilipikwa kwa kuni, kwenye mashimo marefu nyuma ya nyumba, na katika harusi mia tatu hivi alizowasha hakuwahi kuuliza mtu anapika kwa nini. Sallebhir waliacha kuni miaka mitatu iliyopita. Kila nyumba ina jiko la umeme, na kwa ajili ya wageni mia mbili Bibi alikuwa ameazima majiko ya majirani wote, akayapanga sakafuni kama wanafunzi darasani. Alikuwa anajivunia: ukuta wake haukuwa na masizi hata chembe.

Saa tano na robo, kuhani akiwa ndiyo kwanza anamwaga samli kwenye moto na bwana harusi na bi harusi wamekaa mbele yake, Bibi alisema, "Haya, wekeni wali." Majiko yakawashwa, kumi na tisa kwa pamoja. Kule kwenye nguzo chini ya njia tukasikia mlio kama wa mtu anayepasua kuni moja kavu. Spika za bendi zikanyamaza. Taa zote za chaja, nyumba nne, zikazimika.

Ba'mdogo alikimbia mpaka kwenye nguzo, peku, akatazama juu kwenye transfoma, akarudi akitembea polepole.

"Fyuzi ya kijiji," alisema. "Imekwenda."

Mwalimu alipiga simu kwa fundi wa laini wa pale chini sokoni. Fundi aliitikia huku ngoma zikilia nyuma yake. Alikuwa kwenye msafara wa harusi ya binamu yake, mabonde mawili mbali. Angekuja jioni, akimaliza kula.

Wageni hawakujali sana. Kuni zilitafutwa, Bibi akalaani kila mtu kwa zamu, ukuta ukaanza kupata masizi. Wenye magari mengine walisema watapanga foleni kituoni, wao hawana saa ya kuvuka kizingiti cha mtu. Lakini Ba'mdogo alisimama kando ya gari jekundu akisoma kioo. Sitini na moja.

"Inatosha?" nilimuuliza.

"Kwa mtu anayekwenda sokoni, inatosha. Kupanda na watu wanne, barabara ile mto ulivyoila, kukata kona kwa mwendo wa konokono..." Alitikisa kichwa. "Sabini, mwanangu. Chini ya sabini simpandishi bi harusi. Na lazima tuondoke saa saba na nusu."

Mjomba Ghanendra alikuja akiwa amefunga vifungo vyote vya koti lake jipya. Alikuwa amekwisha sikia.

"Sasa si rahisi?" alisema kwa sauti ya kusikiwa na watu wote. "Hamisheni maua. Bi harusi atapanda la kwangu. Nina asilimia arobaini na nane na betri yangu ni mara mbili ya hako kasanduku. Nitafika vizuri kabisa."

Watu wakaguna kukubali. Niliona Ba'mdogo akivuta pumzi. Kama Pabitra angepanda gari jeusi, Banepa nzima ingejua kabla ya jioni kwamba Toyanath na magunia yake matano alishindwa kulisha gari moja dogo, na Jumapili asubuhi ingemkuta mlangoni anapiga saluti. Lakini alichukua simu na kumpigia mama mkubwa, kwa kuwa ni haki yake kuamua, akaiweka kwenye sauti kubwa.

Mama mkubwa alikuwa nyumbani na wanawake waliobaki kucheza. Alisikiliza yote.

"Mwanangu ameondoka na gari jekundu," alisema.

"Dada, ni maua tu, tunahamisha..." Mjomba alianza.

"Ghanendra, nimevunja nazi mbele ya gari lipi?"

"Jekundu."

"Nimesimama na taa kusubiri gari lipi?"

Mjomba aliyatazama maua ya gari jekundu.

"Toya," mama mkubwa alisema, "nilete gari jekundu." Akakata simu.

Kuhani aliendelea kusoma. Sugam, ambaye haruhusiwi kuinuka mbele ya moto, alikuwa akitutazama juu ya moshi kwa macho ya mtu aliyefungwa.

"Shemeji," Ba'mdogo alisema, safari hii kwa sauti ya chini, "gari lako lina soketi pale nyuma. Ya kutoa umeme."

"Linayo. Ya kuchemshia chai ukienda matembezi."

"Inaweza kuchemsha na hili."

Mjomba alielewa polepole. Aligeuka kutazama gari lake, kisha chaja, kisha gari jekundu. "Unataka kulikamua gari langu?"

"Kwa saa moja na dakika ishirini. Na nitakwambia ukweli kabla hujanijibu. Una arobaini na nane. Ulizotumia kuja usizihesabu, ulikuwa unateremka. Kurudi utataka arobaini na sita. Ukinipa hizo tano sita, hutoki Sallebhir leo. Utamkosa bi harusi mlangoni, utakosa na picha."

"Na koti nimeshona kwa ajili ya mlango."

"Nimeliona. Zuri."

"Na wewe na kigari chako cha petroli utafika."

"Nitafika."

Mjomba alicheka, lakini si cheko la utani. "Kwa nini mimi?"

Ba'mdogo aliinua tu mkono wa kulia na kunyoosha kidole cha shahada, ambacho kina kovu jeupe kutoka ncha hadi kiungo cha pili.

"Aa, hapana," Mjomba alisema. "Usinitolee kidole hicho."

"Sijasema neno."

"Miaka kumi na tisa unanionyesha kidole hicho!"

Kila mtu katika familia yetu anaijua habari ya kidole. Siku ya harusi ya Mjomba mwenyewe, mgao ulikuwa mkali, jenereta ya Ba'mdogo ikavunjika kile chuma kidogo kinachoshika mwendo wa injini. Ba'mdogo alikaa chini ya meza, akashika kichuma kwa kidole, kikiwa cha moto, kwa saa nne, mpaka kuhani alipofunga kitabu. Hakula. Hakuna aliyejua mpaka taa zilipozimwa na yeye akatoka huko chini akiwa ameshika mkono wake kama kifaranga.

"Saa nne," Mjomba alisema, kama anajisemea.

"Mimi nataka moja tu, na dakika ishirini."

Mjomba alimtazama Sugam juu ya moshi. Kisha akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja, akalivua, akalitundika kwenye kioo cha pembeni.

"Chomeka," alisema. "Chomeka kabla sijapata akili. Na ole wako mtu asikie kwamba niliombwa. Nilijitolea."

"Ulijitolea, shemeji. Ulinilazimisha."

Ba'mdogo alisogeza magari pua kwa mkia, akachukua chaja yenye kitufe, akaichomeka kwenye soketi ya gari jeusi. Taa ikamulika nyekundu, mzigo umezidi. Akashusha ampia mpaka kumi. Ikafikiri kidogo, ikawa kijani. Wageni waliacha sahani wakaja kutazama gari likinyonyesha jingine. Wasichana walipiga picha nyingi kuliko walizompiga bwana harusi.

Mimi nilipewa kazi ya kukaa ndani ya gari jekundu na kusoma namba, kazi iliyonifaa kwa sababu haikuhitaji kuongea na mtu. Sitini na mbili. Baada ya dakika nane, sitini na tatu. Kila namba ikiingia nilinyanyua vidole dirishani, na Ba'mdogo, aliyekuwa amechuchumaa akigusa plagi kwa mgongo wa mkono, aliitikia kwa kichwa. Mjomba alikuwa na kioo chake mwenyewe. Yeye alisoma zinazoshuka, na hakutangaza.

Kuhani alimaliza mapema kuliko tulivyotaka. Saa saba na robo Pabitra alikuwa amekwisha pakwa rangi nyekundu utosini, kaka yake amembeba mgongoni kama desturi, bendi inapuliza, na msafara mzima unamsukuma kuelekea garini. Nilinyanyua vidole: sitini na nane.

Ba'mdogo alisimama mbele ya mlango wa gari, bado peku, amenyoosha mikono yote miwili.

"Sabini," alisema.

"Fundi, ondoka njiani!" mtu wa upande wa bi harusi alipiga kelele. "Msichana anaaga kwao!"

"Na aage. Sabini."

Kaka wa Pabitra, ambaye si mtu wa misuli, alianza kuegemea boneti. Pabitra alikuwa analia kama inavyotakiwa, kwa uchungu wa kweli, lakini kilio kilianza kumwishia na akawa anachungulia chini ya shela kuona kunani. Ndipo Bibi alipojipenyeza, akamshika mjukuu wake usoni kwa mikono yenye masizi.

"Mteremshe huyu kwanza," alimwambia kaka mtu. "Na wewe, mwanangu, lia tena kidogo. Gari halijashiba."

Pabitra akacheka, kisha kwa kuwa amecheka akalia upya, na safari hii Bibi naye akalia, na shangazi, na bendi ikarudia wimbo tangu mwanzo. Kulikuwa kuagana kurefu kupita kote nilikowahi kuona. Saa saba na dakika thelathini na tatu nilinyanyua vidole saba, kisha nikafunga ngumi kuwa sifuri. Ba'mdogo akachomoa kebo.

Magunia manne aliyapakia. La tano alimwachia Mjomba, pamoja na fimbo pale penye mrihani. "Umeme ukirudi, chomeka, ampia kumi, si zaidi. Baada ya dakika kumi..."

"Gusa plagi. Najua. Nenda, shemeji, nenda!"

Tulipanda bila kiyoyozi, madirisha wazi, vumbi la mto likimpaka bi harusi poda ya pili. Sugam aliendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Arobaini tulipoacha mto. Ishirini na mbili kona za kwanza. Mara tatu tulipita magari yenye maua yamekaa kando, watu wamevaa hariri wakisukuma. Nyuma yetu kigari cheupe kilifuata kikikohoa, na kwenye kila kona niliona uso wa Ba'mdogo juu ya usukani, midomo ikicheza. Nadhani alikuwa anahesabu. Dhulikhel tulifika na tisa. Kutoka hapo ni kuteremka hadi Banepa, na gari lilijirudishia moja.

Mama mkubwa alikuwa mlangoni na taa yake. Pabitra alimwaga kipimo cha mchele kwa mguu, akavuka kizingiti saa kumi na moja na dakika nne. Wanawake walipiga vigelegele. Ba'mdogo hakuingia ndani mara moja. Alibaki barabarani, akaweka mgongo wa mkono kwenye boneti ya gari jekundu, akauacha hapo muda kidogo. Ndipo mama mdogo Radhika alipomwona na kumuuliza viatu viko wapi.

Jumapili asubuhi sare ilikuwa mezani, imepigwa pasi, imekunjwa, tayari kurudishwa yenyewe. Uani walikuwepo watu watatu wenye harusi za wiki ijayo, na mmoja alikuwa amesikia kwamba usipomwambia Toyanath idadi ya majiko hakupokei. Simu ikalia. Alikuwa Mjomba, bado yuko Sallebhir, sauti nzito ya mtu aliyelishwa nyama ya mbuzi siku mbili.

"Gari limejaa tangu jana," alisema. "Hawaniachi niondoke. Kila nyumba inataka kumlisha mjomba aliyetoa chaji. Shemeji, nilitoa kwa hiari, si ndiyo?"

"Kwa hiari kabisa. Rudi basi na fimbo yangu, nina kazi."

"Fimbo haitoki."

"Imekwama?"

"Haijakwama. Bibi ameipaka rangi nyekundu. Ameivisha maua. Asubuhi hii ameimwagia maji, yeye na mrihani wake, na amesema atakayeing'oa atamkata mkono."

Ba'mdogo alihamishia simu sikio la pili.

"Maji mengi?" aliuliza.

"Mengi. Ndoo nzima."

"Basi mwache," alisema. "Ndivyo inavyotakiwa." Akachukua sare yake kwapani, akatoka kwenda kuirudisha, na kupitia kwa muuza vyuma kutafuta fimbo nyingine.